Huduma "inayomlenga mwananchi" ni ipi hasa?

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, mfuko wa zamani wa taifa wa bima ya hospitali, Wakenya wasio na mwajiri wamekuwa wakijibu maswali ambayo hawakuzoea kuulizwa na bima. Paa la nyumba yako ni la nini? Unapikia kuni, makaa au gesi? Choo ni cha aina gani? Mnaishi wangapi? Ukimaliza kujibu, mfumo unakutajia mchango wako, na utaratibu unataka ulipe wa mwaka mzima kwa mkupuo. Mama mboga wa Kawangware anayehesabu pesa zake kwa siku alibaki na maswali mawili: kiasi hiki kimepatikanaje, na nani alidhani nina pesa za miezi kumi na miwili mkononi?

Huku hayo yakiendelea, hakuna wizara, benki wala kampuni ya simu jijini Nairobi isiyosema kwamba huduma zake "zinamlenga mwananchi". Maneno hayo yapo kwenye mabango, kwenye hotuba za uzinduzi na kwenye maombi ya ufadhili ya vijana wanaobuni programu. Ndiyo maana watu wamechanganyikiwa. Kama mfumo umetengenezwa kwa kunilenga mimi, mbona mimi ndiye nisiyeuelewa?

Nyuma ya maneno hayo kuna jambo la kweli, lenye historia na kanuni zake, na mwananchi akilijua anaweza kumbana anayeyatamka ovyo.

Tuanze na maana. Kusanifu kwa kumweka mtu mbele ni njia ya kutengeneza kitu chochote, iwe programu ya simu, fomu, bima, barabara au jiko, ambapo maisha halisi ya atakayekitumia yanachunguzwa kwanza, na yale yanayogunduliwa yana uwezo wa kukibadilisha kitu chenyewe kabla hakijawa ghali kubadilika. Uzito uko kwenye sehemu ya pili. Kuchunguza maisha ya watu ni kazi ambayo wengi wanaifanya, tena kwa pesa nyingi. Kukubali uchunguzi huo ubadilishe uamuzi ambao wakubwa wameshaupenda ndiko kunakowashinda.

Fundi wa nguo hukupima mabega na kiuno kabla mkasi haujagusa kitambaa. Akikata kwanza kisha akuite ujaribu, kilichobaki ni kupunguza hapa na kuongeza kipande pale, na hata akiwa fundi hodari kiasi gani suti itaonekana imeazimwa. Huduma nyingi tunazolalamikia zilikatwa kwanza.

Shirika la Kimataifa la Viwango, ISO, limeweka jambo hili katika kiwango chake cha 9241-210, kilichotolewa mwaka 2010 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2019. Ukiondoa lugha ya kitaalamu, madai yake ni machache: mjue mtumiaji, kazi anayotaka kuifanya na mazingira anamofanyia, mshirikishe tangu mwanzo hadi mwisho, tengeneza, jaribu, rekebisha, kisha ujaribu tena.

Rubani hakukosea

Wazo hili lilianza kabla ya simu na kompyuta za mezani. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, ndege za Marekani aina ya B-17 zilikuwa zikipata ajali za kushangaza. Ndege inatua vizuri, kisha rubani, badala ya kurudisha mabapa ya mabawa, yaani vipande vinavyoteremshwa wakati wa kutua, anakunja magurudumu, na ndege inakaa kwa tumbo kwenye njia. Ripoti ziliandika kosa la rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochunguza vyumba vya marubani aliona swichi mbili zinazofanana, zimewekwa bega kwa bega, moja ya magurudumu na nyingine ya mabapa. Mtu aliyechoka, usiku, baada ya saa nyingi angani, angezitofautishaje? Dawa yake ilikuwa ndogo: swichi ya magurudumu ipachikwe kitu chenye umbo la gurudumu, ya mabapa ipachikwe chenye umbo la kabari, ili mkono utambue hata jicho lisipoona.

Tangu hapo, wataalamu wa fani hii wanaposikia "mtumiaji amekosea" huuliza kwanza kama kifaa ndicho kilichomkosesha. Swali hilo tunalihitaji Nairobi kila siku. Kwa miaka mingi, Mkenya aliyetuma pesa kwa nambari isiyo yake aliambiwa tu kwamba hakuwa makini. Kisha M-Pesa ikaongeza Hakikisha, hatua inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijaondoka. Vidole vya watu ni vilevile na nambari bado zina tarakimu kumi. Kilichobadilika ni kwamba sasa mtu anapata nafasi ya kushtuka mapema.

Mzizi wa pili wa wazo hili ni wa haki. Katika miaka ya 1970, nchini Norway, mwanasayansi wa kompyuta Kristen Nygaard alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa chuma na metali ili wafanyakazi wawe na usemi kuhusu kompyuta zilizokuwa zinaingia viwandani mwao. Hoja yao ilikuwa kwamba mashine itakayobadilisha kazi yangu haifai kuamuliwa bila mimi. Wengi wanaofundisha somo hili leo hutaja ndege na kulisahau chama cha wafanyakazi. Naona hilo ni pengo kubwa, kwa sababu bila hoja ya haki, kumweka mtu mbele kunabaki kuwa mbinu ya mauzo.

M-Pesa haikukusudiwa kuwa hivi

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni ule tunaoutumia kutwa nzima bila kufikiria ulikotoka. Oktoba 2005, Vodafone na Safaricom, kwa msaada wa fedha za serikali ya Uingereza, walianza majaribio ya huduma ya pesa kwa simu pamoja na shirika la mikopo midogo la Faulu. Nick Hughes na Susie Lonie wa Vodafone ndio walioongoza kazi hiyo. Majaribio yalifanyika katikati ya jiji la Nairobi, Mathare na Thika, na wateja wasiozidi 500. Lengo lilikuwa moja: mwanachama wa kikundi cha mkopo apokee na kulipa mkopo wake kwa simu, asilazimike kubeba pesa taslimu hadi kwenye mkutano.

Wateja wakaifanyia huduma hiyo mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Kuna waliokuwa wakisafiri kati ya Thika na Nairobi wakiweka pesa kwa wakala kabla ya kupanda matatu na kuzitoa wakishafika, ili wasiporwe njiani. Wafanyabiashara waliweka mauzo ya jioni kwenye simu, benki zikiwa zimeshafunga na duka la wakala bado liko wazi. Wengine walilipiana madeni, wengine wakawanunulia jamaa zao wa mashambani muda wa maongezi. Upande wa mikopo, mambo yalikuwa magumu: mfumo wa simu na mahesabu ya shirika la mikopo havikuoana vizuri.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Timu ngumu kichwa ingewaandikia wateja hao kanuni za matumizi sahihi. Hii ilitazama walichokifanya, ikaondoa mkopo katikati ya huduma, na Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kwa nchi nzima ikiwa na ujumbe mmoja: tuma pesa nyumbani. Mtu wa Nairobi mwenye mama yake Kakamega au Kitui hakuhitaji kuelezwa zaidi. Iliwekwa kwenye menyu ya laini yenyewe, hivyo ilifanya kazi hata kwenye simu ya mulika mwizi, bila intaneti.

Mathare na Thika waliifundisha kampuni kubwa ya kimataifa biashara yake. Husimuliwa kama hadithi ya teknolojia, ilhali teknolojia iliyokuwamo ilikuwa ya kawaida kabisa. Kilichokuwa adimu ni watu waliokubali mpango wao uvunjwe na wateja wasiofika 500.

Na wala jambo hili haliishii kwenye simu. Jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililoenea nchini tangu miaka ya 1980, lilitokana na jiko la Thailand. Hapa lilikuta kazi nyingine: ugali husongwa kwa nguvu, na jiko lisilo na tako pana linapinduka. Umbo lililoshinda ni lile la kiuno chembamba na tako pana, lenye udongo sehemu ya juu tu, ambalo mafundi wa jua kali wa Shauri Moyo waliweza kulifua kwa vyuma na nyundo walizokuwa nazo. Mpishi na fundi wote walizingatiwa. Jiko linalookoa makaa lakini halisongi ugali lingeishia kwenye maonyesho.

Mtu yupi?

Neno "mwananchi" linatamkwa kana kwamba ni mtu mmoja. Huduma moja huwa na watu wengi ndani yake, na maslahi yao yanagongana. Sijaona somo bora la jambo hili kuliko jaribio la kuondoa pesa taslimu kwenye matatu.

Mwaka 2013, Google kwa ushirikiano na benki ya Equity ilileta BebaPay, kadi ambayo abiria anaigusisha kwenye kifaa cha makanga na nauli inakatwa. Mwaka uliofuata serikali nayo ikataka magari yote ya abiria yaache pesa taslimu, na tarehe ya mwisho ikasogezwa mbele. Kadi za kampuni mbalimbali ziligawiwa. Kufikia 2015 BebaPay ilikuwa imefungwa, na matatu zilikuwa bado zinapokea noti zilizokunjwa vidoleni.

Watu wengi walisema wenye matatu ni wakaidi na abiria hawapendi mabadiliko. Tuitazame kazi yenyewe. Dereva na makanga hupewa gari asubuhi na kutakiwa kumrudishia mwenye gari hesabu yake jioni. Kinachozidi, baada ya mafuta, ndicho riziki yao. Siku nzima wanalipa pesa taslimu: mafuta, watu wa steji, kuosha gari, chakula, na malipo mengine ya barabarani yasiyoandikwa popote. Nauli yenyewe haikai mahali pamoja. Mvua ikinyesha saa kumi na moja jioni inapanda. Mchana gari likiwa tupu makanga anaishusha ili lijae. Kadi inayopeleka kila shilingi moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye gari ilimpa tajiri anachokitaka, yaani kuona mapato yake, na serikali anachokitaka, yaani rekodi ya kodi. Kwa anayening'inia mlangoni, kadi hiyo ilikuwa na maana kwamba ifikapo saa nne asubuhi hana pesa ya kujaza tangi.

Kwa hiyo kadi hiyo ilimlenga mtu. Ilimlenga mwenye gari, kisha ikategemea makanga aiendeshe. Leo abiria wengi wanalipa nauli kwa simu bila kulazimishwa, kwa sababu pesa zinamfikia aliye garini na anaweza kuzitumia papo hapo. Malipo bila noti yaliwezekana, ila yalisubiri njia ambayo haikumwacha nje mtu wa mlangoni.

Linganisha na kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao wa vyuo vya Marekani, MIT na Columbia, waliopanda matatu wakiwa na simu mkononi kurekodi njia na vituo, na Januari 2014 wakatoa ramani ya njia za matatu za jiji. Hawakuja na mpango wa jinsi magari yanavyopaswa kupita. Walirekodi yanavyopita.

Kuulizwa kuna wakati wake

Hapa ndipo Wakenya wengi tunapopotea, na ni kosa linaloeleweka. Kifungu cha 10 cha Katiba ya 2010 kinaitaja ushirikishwaji wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya kitaifa. Kwa hiyo tukiitwa kwenye ukumbi wa kijamii kutoa maoni juu ya mswada au mradi, tunaambiwa, nasi tunaamini, kwamba huko ndiko kuwekwa mbele. Ushirikishwaji huo ni haki ya thamani, na mahakama zimeshabatilisha sheria kwa sababu ulikosekana. Lakini kwa kawaida unakuja hati ikiwa imeshaandikwa. Unaulizwa unakubali au unakataa, na pengine urekebishe kifungu. Usanifu tunaouzungumzia huanza kabla ya hati, wakati tatizo lenyewe halijapewa jina.

Isitoshe, maoni pekee hayatoshi. Mtu akiulizwa atasema kile anachodhani anakifanya, au kile anachodhani mgeni mwenye kalamu anataka kusikia, hasa kama mgeni huyo amekuja na gari la mradi. Mwulize mkazi wa Nairobi kama anataka daraja la wapita njia juu ya barabara kuu, atasema ndiyo. Kisha simama kando ya barabara ya Thika, iliyozinduliwa upya mwaka 2012 ikiwa na njia nane, uone wanaoruka vizuizi huku daraja likiwa hapo mbele. Tunawaita wazembe. Ukitembea nao unaona mengine: daraja liko mbali na pale matatu iliposhusha watu, njia ya kupandia imezungushwa mpaka safari imekuwa mara kadhaa ya upana wa barabara, usiku juu kuna giza na waporaji. Mzee mwenye goti bovu na mama mwenye mtoto mgongoni na gunia kichwani wanapiga hesabu zao na kuchagua hatari wanayoiona badala ya ile wasiyoiona. Barabara iliyosanifiwa ili gari lisisimame inamtoza anayetembea kwa miguu gharama yote, na Nairobi ina watembea kwa miguu wengi kuliko madereva. Kuwapigia kelele wavuke juu hakujawahi kulileta daraja karibu na steji.

Ndiyo sababu wasanifu wazuri hutazama zaidi ya wanavyouliza. Wanatazama pale watu walipojitengenezea njia yao, kama wale wa Thika na simu zao mwaka 2005, kwa sababu hapo pana habari ambayo hakuna dodoso lingeipata.

Wapo wanaosema haya yote yanachelewesha kazi na kumaliza bajeti. Hofu hiyo hujibiwa haraka. Mchoro wa fomu kwenye karatasi haugharimu chochote, na Jakob Nielsen, mmoja wa wataalamu wanaojulikana sana wa fani hii, aliandika mwaka 2000 kwamba hata watu watano wakijaribu kitu mbele yako utaona kasoro zake nyingi. Gharama kubwa ni ya kurekebisha baada ya kuzindua. Serikali yetu iliionja kwa Huduma Namba, mpango wa kumpa kila mtu nambari moja ya utambulisho: Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilitangaza kwamba utoaji wa kadi zake haukuwa halali kwa sababu tathmini ya athari kwa data za watu, inayotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, haikufanyika kwanza.

Urahisi unaoumiza

Dhana nyingine iliyoenea ni kwamba kitu kikiwa rahisi kutumia, basi kimemweka mtu mbele. Programu za mikopo ya simu zilizofurika nchini katika muongo uliopita zilikuwa rahisi mno. Unabonyeza, unakubali masharti usiyoyasoma, pesa zinaingia kabla chai haijapoa. Baadhi yake zilichukua pia orodha ya watu wote walio kwenye simu yako, na ulipochelewa kulipa, zikawapigia shangazi yako, mwajiri wako na mchungaji wako kuwatangazia deni lako. Malalamiko yalikuwa mengi hadi sheria ya Benki Kuu ikarekebishwa mwaka 2021 ili wakopeshaji hao wawe chini ya leseni, na kanuni zikafuata Machi 2022.

Wasanifu wa programu hizo walimchunguza mtu kweli. Walijua anaishiwa lini, anaogopa nini, na aibu inamuuma wapi. Ujuzi huohuo unaomfanya msanifu akurahisishie maisha unaweza kutumiwa kukunasa. Kwa hiyo pamoja na kuuliza kama kitu ni rahisi, tuulize urahisi huo uko upande gani. Mkopo unachukuliwa kwa kubonyeza mara mbili. Je, gharama yake kamili inaonekana wazi hivyohivyo? Kujiunga ni dakika moja. Kujitoa ni muda gani? Hapa ndipo ninapoikumbuka Norway na chama chake cha wafanyakazi. Bila mtu kuwa na usemi, kumjua kwako ni silaha mkononi mwako.

Mukuru

Kama kuna mahali jijini ambapo usemi huo ulijaribiwa kwa dhati, ni Mukuru, eneo la mitaa ya mabanda. Agosti 2017, Kaunti ya Nairobi ilitangaza Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani kuwa eneo maalum la mipango, baada ya miaka ya shinikizo la wakazi waliojipanga chini ya Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la watu wa mitaa ya mabanda. Takriban kaya 100,000 zilihusika. Unawezaje kuzisikiliza kaya 100,000 bila kuishia kwa wazee wa kijiji wawili watatu? Nyumba kumi zilifanya kikundi kimoja chenye mwakilishi, vikundi kumi vikafanya kundi kubwa, na hivyo kupanda juu mpaka mitaa yote. Takwimu zilikusanywa na wakazi wenyewe.

Walichokibeba mezani kiliwashangaza wapangaji wengi: watu wa mabanda walikuwa wakilipia maji kwa bei ya juu kuliko wa mitaa yenye mabomba, huku huduma yenyewe ikiwa duni. Kwa hiyo mjadala uliacha dhana kwamba maskini hawezi kulipa, ukageukia nani anapokea pesa anazolipa. Pia sheria za upana wa barabara, kama zingefuatwa zilivyoandikwa kwa mitaa ya kawaida, zingefuta nyumba za watu wengi; wakazi na wataalamu ikabidi wajadiliane njia zipi zipanuliwe na zipi zibaki.

Sitaki kupamba. Mwishoni mwa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, na maelfu ya watu wakaachwa bila makao. Usanifu mzuri hauwezi kusimama mbele ya tingatinga lililotumwa na ofisi ambayo haikuwa mezani. Hiyo ndiyo mipaka yake, na ni afadhali ielezwe wazi kuliko kuuza njia hii kama dawa ya kila ugonjwa.

Turudi kwenye SHA

Tukiwa na haya mkononi, malalamiko ya SHA yanasomeka vingine. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na wa chini kabisa ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Kiwango cha NHIF kwa aliyejiajiri kilikuwa 500 kwa mwezi. Kwa karatasi, mtu wa chini amepunguziwa. Mbona basi analalamika?

Kwa sababu kinachomuumiza ni umbo la malipo. Anayeuza sukuma wiki ananunua mafuta ya kupikia kwa kipimo, unga kwa nusu kilo, makaa kwa mkebe. Pesa zake zinaingia kila siku na kutoka kila siku, na 3,600 za pamoja hazipati nafasi ya kulala. Kampuni za sola, M-KOPA ikiwamo, zililiona hilo zaidi ya miaka kumi iliyopita: ziliuza taa kwa amana na malipo madogo ya kila siku kwa simu, kama vile watu walivyozoea kununua mafuta ya taa. Mpango wa Lipa SHA Pole Pole, unaomwezesha mtu kulipa kidogo kidogo, umekuja baadaye kujibu jambo lilelile. Nafurahi umekuja. Lakini mfuko wa mama mboga haukuwa siri mwaka 2023, sheria ilipopitishwa.

Na yale maswali ya paa na choo? Kukadiria kipato cha mtu asiye na hati ya mshahara ni kazi ngumu kweli, na siwalaumu waliojaribu. Kasoro iko mwisho wa maswali, pale mtu anapopewa kiasi bila maelezo. Mfumo ungemwambia ni majibu yapi yaliyopandisha kiasi hicho, na apite wapi akiona si sahihi, ungekuwa umemtendea kama mtu mzima mwenye akili zake.

Kuna mtumiaji mwingine ambaye hatajwi kwenye uzinduzi wowote, naye ni kijana wa saiba, lile duka la kompyuta na intaneti. Huduma za serikali mtandaoni, zikiwamo za eCitizen tangu 2014, zimejengwa kwa kudhani kwamba kila mtu ana simu yake, barua pepe yake na nenosiri lake analolikumbuka. Nenda saiba yoyote ya Eastleigh au Kayole siku za mwisho wa Juni, wakati wa kuwasilisha ripoti za kodi, uone hali ilivyo. Kijana huyo ndiye anayemfungulia mzee barua pepe, ndiye anayechagua nenosiri, ndiye anayeliandika kwenye daftari lake kwa sababu mzee atarudi mwakani akiwa amelisahau. Anatafsiri swali la Kiingereza kwa Kiswahili, Kikamba au Kisomali, anakisia jibu pale swali lisipoeleweka, na anatoza shilingi zake. Kwa maelfu ya Wakenya yeye ndiye serikali ya mtandaoni. Kwa kawaida hana mafunzo kutoka serikalini, hana akaunti ya wakala inayotambulika, wala hana njia salama ya kumsaidia mteja bila kushika siri zake.

M-Pesa iliwatambua mawakala wake, ikawapa nambari, kanuni na malipo. Saiba nyingi hazijapewa utaratibu wa namna hiyo, ingawa zinabeba kitambulisho, pasi, leseni na sasa bima ya afya. Timu inayoandaa toleo lijalo la mifumo hiyo ingeanzia kwenye benchi la saiba, Juni 25 hadi 30, bila kuuliza lolote, ikitazama tu ni swali gani linalomfanya kijana asimamishe vidole na kumgeukia mteja.